Usingizi hafifu na ugonjwa sugu wa figo: vinahusianaje?

Ugonjwa sugu wa figo ni hali ya figo kuharibika, au kupungukiwa uwezo wa kuchuja damu, kwa miezi 3 au zaidi. Visababishi vyake vikuu ni kisukari na presha. Mwanzoni hauumi popote, ndiyo maana wengi huugundua ukiwa umeshafika mbali.

Usingizi unaingiaje hapa? Kwa mtu mwenye afya, presha hushuka kwa kama asilimia 10 hadi 20 anapolala usiku. Vichujio vya figo ni vishipa vyembamba mno vya damu, na saa hizo ndizo za nafuu yao. Asiyelala vizuri, presha yake huenda isishuke. Mwili hubaki umekaa macho, homoni za msongo hupanda, mishipa hubana, na vichujio husukumwa kwa nguvu usiku kucha. Vikichoka, protini huanza kuvuja kwenye mkojo. Usingizi haba hudhoofisha pia kazi ya insulini, homoni inayoshusha sukari kwenye damu, na sukari ikipanda, ni figo zilezile zinazoumia.

Ubaya zaidi uko kwa anayekoroma sana kisha pumzi ikakatika usingizini. Kila pumzi inapokatika, oksijeni hushuka na presha hupanda ghafla, mara nyingi kwa usiku mmoja. Mwenyewe hajui, anayejua ni aliyelala pembeni yake.

Hata hivyo tusikimbilie kuulaumu usingizi peke yake. Figo zilizochoka nazo hunyima usingizi: mgonjwa huamka kukojoa mara kwa mara, ngozi humwasha, miguu haitulii. Tafiti nyingi zinaonyesha kwamba mambo haya mawili huandamana, si kwamba moja lazima limeleta lingine.

Hapa Dodoma nawawazia walinzi wa usiku kule Mtumba, na madereva wa malori wanaosinzia kitini Kibaigwa wakisubiri kupakia mahindi. Siwezi kuwaambia waache kazi inayolisha watoto. Ila mwenye presha au kisukari kati yao asitosheke na kupimwa presha mchana tu, kwa sababu inaweza kusoma vizuri kliniki na bado ikawa juu usiku. Aombe kupimwa protini kwenye mkojo na kreatinini (taka ambayo figo huichuja) kwenye damu, na amweleze daktari anavyolala. Hospitali ya Benjamin Mkapa imekuwa ikipandikiza figo tangu 2018, jambo la kujivunia, lakini aliyepandikizwa hutumia dawa maisha yake yote. Ni heri kuwahi.

Na kuna hili la dawa, ambalo linaniuma. Mtu aliyeshinda akibeba magunia hupata maumivu ya mgongo, hununua diklofenaki, dawa ya kutuliza maumivu, dukani, humeza kila jioni ili apate usingizi. Dawa za kundi hilo hupunguza damu inayofika kwenye figo, na kwa figo ambazo tayari ni dhaifu hilo ni hatari. Ukienda kliniki, beba na vidonge vyote unavyomeza, hata ulivyonunua bila cheti.