Migreni ya hemiplejia: mkono uliolegea haukupooza

"Yaya, mudogo yako ule mwenye kupooza, eko namna gani?" Nimeulizwa hivyo tena Jumapili hii, hapa Katuba, Lubumbashi, ambako yaya ni ndugu mkubwa, tukitoka misa. Mdogo wangu mwenyewe alikuwa hatua chache mbele yetu, amebeba mtoto kwa mkono uleule unaosemwa umepooza.

Ugonjwa wake ni migreni ya hemiplejia, aina adimu ya migreni yenye aura, yaani dalili za muda za macho, ganzi au usemi zinazokuja na maumivu ya kichwa. Upande mmoja wa mwili hulegea, macho huona mwanga wa kumetameta au ulimi huwa mzito, kichwa huuma, kisha nguvu hurudi. Denmark, walikohesabu, walipata kama mtu 1 kati ya 10,000. Wengine huurithi, na jeni tatu zinajulikana vizuri: CACNA1A iliyotambuliwa mwaka 1996, ATP1A2 mwaka 2003 na SCN1A mwaka 2005. Wengine huupata bila kuwa na ndugu yeyote mwenye nao.

Kinachoniumiza ni jina. Wagiriki walisema hemikrania, yaani nusu ya fuvu. Kilatini kikalichukua, Wafaransa wakalikata mwanzo likabaki migraine, nasi Lubumbashi tukapokea migrene, tukakipa jina hilo kila kichwa kilichochomwa na jua. Wa pwani husema kipandauso. Hemiplejia nayo ni "nusu" ya pili: nusu ya mwili, pamoja na plege, yaani pigo. Nusu hizo mbili hazifuatani kila mara. Mkono wa kulia unaweza kulegea huku kichwa kikiuma upande wowote, au chote. Hata waliotunga vigezo vya kimataifa vya magonjwa ya kichwa, toleo la mwaka 2018, waliona taabu ya neno hilo. Walieleza kwamba katika lugha nyingi linamaanisha kupooza, ilhali mashambulizi mengi ni udhaifu wa misuli tu.

Kwa Kiswahili taabu inazidi, kwa sababu neno letu ni kali. Tunda likinyauka kabla ya kukomaa, tunasema limepooza. Pita chini ya miembe ya mtaani utayaona mapooza, madogo, yamekauka. Pooza halirudi tawini. Ukimwita binti wa miaka 19 "mwenye kupooza", umeshamweka chini ya mwembe. Mdogo wangu aliitwa hivyo mpaka mchumba akaacha kuja.

Neno la pili linalosumbua ni "AVC ndogo"; AVC ni kifupisho cha Kifaransa cha kiharusi. Hapa tofauti si ya majina tu, maana dawa na hofu hufuata jina. Aura ni neno la kale la upepo mwororo, na kwa mara moja jina limefaa, kwa kuwa jambo lenyewe hutembea. Mwaka 1941 mwanasaikolojia Mmarekani Karl Lashley, aliyekuwa na aura mwenyewe, alipima jinsi doa la machoni mwake lilivyokuwa likipanuka, akakadiria kwamba kitu kinapita juu ya ubongo kwa milimita 3 hivi kwa dakika. Mwaka 1944 mtafiti Mbrazili Aristides Leão akaeleza wimbi linalotembea taratibu kwenye ubongo wa wanyama, likizima seli njiani. Ndiyo maana kwa mdogo wangu ganzi huanza vidoleni, ikapanda kiwikoni, ikafika mdomoni, na saa nzima inaweza kukaribia kwisha. Kiharusi kwa kawaida huanguka mara moja: kikombe kimekwenda chini, na mdomo umekwenda upande.

Mara ya kwanza alipopelekwa hospitali aliandikiwa AVC, akarudi nyumbani na jina hilo. Hakuna aliyemuuliza ilianzia wapi na ikaenda wapi. Miaka miwili baadaye monganga, yaani daktari, mwingine aliuliza hayo tu, kisha akamgeukia mama yetu. Mama akakumbuka kwamba ujanani ulimi wake ulikuwa "unafungwa" kila kichwa kilipomshika. Kipimo bora cha ugonjwa huu ni masimulizi ya namna hiyo: mashambulizi mawili au zaidi, udhaifu pamoja na dalili za macho, za ganzi au za usemi, na vyote kurudi, kwa kawaida ndani ya saa 72, ingawa kwa wachache udhaifu hukaa wiki kadhaa. Skana ya ubongo hufanywa ili kuondoa magonjwa mengine. Shambulio kali linaweza kuleta homa na kuchanganyikiwa, na katika nchi yenye malaria lazima damu ipimwe.

Kwa sababu hiyohiyo, mtu akilegea upande mmoja kwa mara ya kwanza, mkimbizeni hospitali kama mwenye kiharusi. Hata mdogo wangu, siku ikimwangukia ghafla tofauti na kawaida yake, tutakimbia.

Dawa ya kung'oa mzizi haipo. Kichwa hutulizwa kwa parasetamoli au ibuprofeni, na kutapika kwa dawa yake. Ergotamini, dawa ya zamani ya migreni, asipewe; triptani, dawa nyingine za migreni, pia maelezo ya kwenye boksi huzikataza kwa ugonjwa huu, ingawa waganga bado wanabishana. Ya kuzuia humezwa kila siku na kupimwa kwa miezi: flunarizini, verapamili, asetazolamidi, lamotrijini. Valproati, nayo ya kuzuia, si ya msichana anayeweza kushika mimba.

Nilimjibu yule jirani polepole, maana aliuliza kwa upendo: "Mama, mukono yake inalegeaka, kisha inarudiaka." Akanyamaza kidogo. Halafu akamwita mdogo wangu, akamuuliza: "Mukono ilirudia, mama?"