Sabuni kabla ya msasa: kufufua bodi ya boti ya faibaglasi

Simu ninazopigiwa zaidi msimu huu ni za aina moja: "Fundi, nilibandika kiraka, kikakaa mwezi mmoja kikabanduka." Wengi hutarajia niwaulize ni resini gani walitumia, yaani ile gundi ya majimaji inayoshikanisha nyuzi za glasi. Mimi huuliza waliosha boti kwa kutumia kitu gani kabla ya kuigusa na msasa. Hapo simu hunyamaza kidogo.

Mimi ni fundi wa boti Kisumu. Kazi hii niliianzia kwenye mbao, na mbao ina huruma: ukikosea, msumari bado unashika. Faibaglasi haina msumari. Kiraka chake hushikwa na kitu kimoja tu, nacho ni ukubwa wa eneo la glasi ya zamani, safi na kavu, ambalo resini mpya imelikumbatia. Somo hilo lilinifika kwa uchungu. Nilipokuwa bado mgeni wa kazi, nilirudi kukagua kiraka changu kwenye boti ya mvuvi, nikaingiza kucha pembeni, kikabanduka chote kama ganda la kiazi kilichochemshwa. Chini yake glasi ya zamani ilikuwa inang'aa kwa mafuta. Kama kingebanduka katikati ya ziwa, na watu ndani, sijui ningemtazamaje mtu usoni.

Boti niliyo nayo sasa ina futi 23. Ilikuwa ikibeba abiria, kisha ikalala miaka minne chini ya mwembe karibu na Dunga, na tundu karibu na omo, yaani mbele, ilikogonga jiwe. Mwenyewe ni mzee wa makamo ya baba yangu. Aliniambia, "Wuoda (mwanangu), ziba hapo, paka rangi, inatosha." Nikamjibu, "Jaduong' (mzee), nipe wiki sita." Hakufurahi, lakini aliniachia.

Siku mbili za kwanza zilikuwa za maji na sabuni tu. Sabuni ya vyombo, ndoo nyingi, na brashi ngumu isiyo ya waya, maana waya huchimba jelikoti, lile tabaka laini la nje lenye rangi, na kuacha vipande vinavyoota kutu. Mizizi ya gugumaji iliyokaukia kwenye kona niliilowesha usiku kucha kwa magunia mabichi. Mstari wa kahawia pale maji yalipokuwa yakifika haukutoka kwa sabuni. Huo hutolewa kwa asidi ya oksaliki iliyochanganywa na maji, ukiwa umevaa glovu na miwani, kisha unasuuza sana.

Baada ya hapo ndipo ninapoondoa mafuta na nta kwa asitoni. Shika vitambaa viwili: kimoja kilicholowa cha kupakia, kingine kikavu cha kufutia kabla asitoni haijaruka hewani. Ukitumia kimoja tu unahamisha mafuta kutoka hapa kwenda pale. Na ukitangulia na msasa, nta haiondoki, inasukumwa ndani ya mikwaruzo na hutaiona tena. Kipimo changu ni maji safi. Yamwage kwenye bodi. Yakitanda kama shuka, pako tayari. Yakijikusanya matone kama kwenye jani la nduma, rudi kwenye asitoni.

Ikishakuwa safi, boti huanza kusema. Nachukua sarafu ya shilingi ishirini, nagonga polepole kutoka omo hadi tezi, yaani mbele hadi nyuma. Palipo pazima panalia kwa mlio mkali na mfupi. Pale ambapo matabaka yameachana, mlio unafifia, kana kwamba unagonga kadibodi. Nazungushia chaki, kamwe si krayoni, kwa sababu krayoni ni nta.

Kwenye boti ya mzee sarafu ilifia karibu na lile tundu, jambo nililolitarajia. Chini ya mkuku, ule uti wa chini wa boti, hata hivyo, nilikuta malengelenge, mengine madogo kama njegere, mengine mapana kama sarafu yenyewe. Nilitoboa moja kwa ncha ya kisu huku nimevaa miwani. Majimaji yalitoka kwa nguvu, yakinata vidoleni mwa glovu, yenye harufu ya siki.

Watu wengi hapa huamini kwamba maji ya ziwa ni mapole kwa boti kuliko ya bahari kwa kuwa hayana chumvi. Kwa injini na vyuma, ni kweli. Kwa faibaglasi ya resini ya poliesta mambo ni kinyume. Maji hupenya jelikoti kidogo kidogo, yanayeyusha mabaki ya kemikali yaliyomo ndani, na kimiminika kinachotokea ni kizito kuliko maji ya nje. Kimiminika kizito huvuta maji zaidi. Kadiri maji ya nje yanavyokuwa matamu, ndivyo mvuto unavyokuwa mkali, na uvuguvugu wa ziwa letu unaongeza kasi.

Dawa ya malengelenge ni subira. Yafungue yote, osha mashimo kwa maji safi ya moto, rudia baada ya siku chache, na uache hewa ifanye kazi. Mimi hujenga kibanda cha mabati juu ya boti, kwa sababu mvua ya Kisumu hupenda kuja jioni na kuharibu ukavu wa mchana mzima. Ili kujua kama bodi imekauka, nabandika kipande cha nailoni angavu kwa utepe pande zote nne, nakiacha siku mbili. Ukiona umande ndani yake, bado.

Sasa tundu lenyewe. Lilikuwa na upana wa sentimita 10, na bodi hapo ina unene wa milimita 6. Kosa kubwa ninaloona ni kukata kiraka chenye ukubwa wa tundu na kukipachika kama kizibo. Kingo lazima zichongwe mteremko, mara 12 ya unene. Kwa hiyo milimita 72 kila upande, na kiraka cha nje kikawa na upana wa karibu sentimita 24 na nusu. Ukichonga vizuri kwa grinda, utayaona matabaka ya zamani yakijitokeza moja baada ya jingine, duara ndani ya duara, kama kitunguu kilichokatwa. Duara likipinda, mteremko wako haujalingana.

Vumbi lake ni vipande vya glasi, kwa hiyo vaa maski ya kweli, si kitambaa. Na tafadhali, tandika turubai na ulikusanye. Hatua chache kutoka tunapofanyia kazi, akina mama wanaanika omena, na watoto wanachota maji.

Kwa ndani niliegemeza ubao uliopakwa nta ili resini isiushike, kisha nikaanza na mati, yaani mkeka wa nyuzi za glasi, ya gramu 450 kwa mita ya mraba, kipande kikubwa kwanza kinachofunika mteremko wote, vidogo vikifuata. Wapo wanaoanza na kidogo. Mimi nataka tabaka la kwanza lishike glasi ya zamani yote, na ninaposawazisha baadaye nisikate nyuzi za kila tabaka. Kila tabaka hutoa takriban milimita moja, kwa hiyo yalikuwa sita, matatu asubuhi na matatu baada ya yale ya kwanza kupoa. Ukiyaweka yote pamoja, joto la resini hulipika kiraka mpaka kikapinda.

Hadina, kemikali inayoifanya resini igande, ni kati ya asilimia 1 na 2 kwa uzito. Gramu 500 za resini zinahitaji gramu 5 hadi 10. Kwa jua la saa saba mchana mimi hukaa karibu na 5, ila sishuki chini yake, kwa sababu resini iliyonyimwa hadina haikomai kamwe. Hadina na kobalti, kichapuzi kinachotiwa kwenye resini, visikutane vikiwa peke yake. Hulipuka. Na kama fundi wa kabla yako alitumia epoksi, aina nyingine ya resini, usiweke poliesta juu yake, haitashika. Epoksi juu ya poliesta hushika vizuri.

Jelikoti, msasa wa maji namba 400 hadi 1000, na polishi, hizo ni siku za raha. Rangi nyeupe ya zamani imekuwa ya maziwa, kwa hiyo ninaongeza tone la njano, napaka pembeni, nangoja likauke ndipo nihukumu.

Boti itashuka majini Jumamosi. Jumapili asubuhi nitainua mbao za sakafu mbele ya mzee na kumwomba apitishe kiganja chake kikavu chini, pale penye kiraka.