Kabla hujaipa VM kori nyingi, angalia RAM yake inakaa wapi

Wengi tukitengeneza VM (kompyuta pepe inayoendeshwa ndani ya seva) tunaangalia namba mbili tu, prosesa ngapi na RAM giga ngapi, basi. Lakini seva ya soketi mbili (yaani yenye chipu mbili za prosesa) kila soketi ina RAM yake pembeni, hiyo ndo nodi ya NUMA, na prosesa ikitaka data iliyoko kwenye RAM ya soketi nyingine inabidi ivuke kwenda upande wa pili na hapo ndo spidi inapotea. Piga `numactl --hardware` kwenye hosti (seva yenyewe inayobeba VM), chini kabisa kuna kajedwali ka umbali: 10 ni nodi kwa RAM yake yenyewe, ya jirani mara nyingi 20 au 21. Ni uwiano tu hizo, sio nanosekunde.

Sasa tuseme hosti ina nodi 2, kila moja kori 16 na giga 64. VM ya vCPU (prosesa za VM) 8 na giga 32 inaenea nodi moja bila shida, ifunge hapo hapo. Kwenye libvirt (programu ya kusimamia VM kwenye Linux) `vcpupin` inashikiza kila vCPU kwenye kori yake, `numatune` ikiwa strict inalazimisha RAM itoke nodi hiyo hiyo. Tafadhali fanya zote mbili! Ukiacha hiyo ya pili, siku nodi 0 ikijaa kerneli inachukua RAM nodi 1 kimya kimya na we unabaki unalaumu diski.

VM ya vCPU 24 na giga 96 haienei, hiyo igawe kwenye seli mbili za NUMA (nodi ambazo VM inaziona ndani yake), 12 na giga 48 kila upande, kila seli na nodi yake. Kuandika soketi 2 peke yake haitoshi, OS ya ndani itaona soketi mbili lakini RAM itaiona fungu moja.

Thredi nazo (kori moja kujionyesha kama CPU mbili) usikisie, `lscpu -e` inaonyesha nani anachangia kori na nani, kwenye hosti ya kori 32 kama hii mara nyingi mwenzake CPU 0 ni 32 wala sio 1.

Alafu Windows: usipoitajia libvirt topolojia (mpangilio wa soketi na kori), vCPU 8 zinakuwa soketi 8 za kori moja moja, na Windows 10 Pro inatumia soketi 2 tu, kwaiyo 6 zinakaa bure. Andika soketi 1, kori 8.

Ukishaiwasha VM piga `numastat -p` na PID (namba ya mchakato) ya QEMU, programu inayoiendesha VM, ile VM ndogo karibu megabaiti zote ziwe kwenye safu ya nodi 0.