Saa 54 kwa wiki: hesabu ya mwaka wa kwanza kwa anayetaka udaktari

Jumapili usiku nilipigiwa simu kutoka Marekani na binti wa jirani yangu wa Kibokoni. Yuko wiki ya pili chuoni. Hakuniamkia, jambo ambalo si tabia yake, akaingia moja kwa moja: "Mwalimu, nasoma mpaka saa nane usiku na jaribio la kwanza la kemia limenishinda." Mimi nafundisha anatomia na fiziolojia wanafunzi wa mwaka wa kwanza hapa Mombasa, na kilio hicho nakisikia kila mwaka. Tofauti ni kwamba cha safari hii kimevuka bahari.

Njia yake si kama yetu. Hapa Kenya, kijana aliyefaulu vizuri kidato cha nne huingia moja kwa moja kwenye udaktari wa miaka sita. Kule, kwanza unasoma shahada ya kawaida ya miaka minne, na ndani yake unamaliza biolojia, kemia na fizikia pamoja na maabara zake. Kisha unafanya mtihani uitwao MCAT, ndipo unaomba nafasi ya miaka minne mingine ya udaktari wenyewe. Alama za muhula wa kwanza zinabaki kwenye rekodi utakayoombea nafasi hiyo. Ndiyo maana niliacha chai ipoe nikachukua kalamu.

Nikamuuliza amejiandikisha masomo gani. Biolojia na maabara, krediti nne. Kemia na maabara, nne. Kalkulasi, nne. Uandishi, tatu. Saikolojia, tatu. Jumla 18. Kwa kawaida kule, krediti moja ni saa moja ya darasani kila wiki na saa mbili za kusoma mwenyewe, basi 18 mara tatu ni saa 54. Juu yake ana kazi ya saa kumi jikoni pa chuo. Ukitoa saa nane za kulala kila siku, wiki inabakisha saa 112, kwa hiyo kwenye karatasi zinatosha. Lakini karatasi haihesabu maabara, ambapo saa tatu za kusimama mbele ya mirija huweza kulipwa krediti moja tu, na ripoti yake ikakusubiri bwenini. Haihesabu kupika, kufua, kuswali, wala simu ya mama.

Nilimwambia aache saikolojia. Akasikitika, maana tangu 2015 MCAT ina sehemu nzima inayogusa saikolojia na sosholojia. Kweli, ataihitaji, lakini muhula huu haumlazimu. Vyuo vingi huko vina tarehe ambayo ukiacha somo kabla yake halibaki alama yoyote kwenye rekodi, na tarehe hiyo huwa mapema sana. Nakereka mno na wanaowaambia watoto "jikaze tu" huku tarehe inapita.

Hapa kwetu mwanafunzi hana uhuru huo. Ratiba ya udaktari au ya uganga wa kliniki unapewa kama ilivyo. Kinachobaki mikononi mwako ni namna ya kuzitumia saa zako, na hapo ndipo wengi wanapopotea, binti yetu akiwemo.

Nilipokuwa mwaka wa kwanza nilisoma sura ya kitabu inayohusu mkono mara nne, nikipaka wino wa manjano mpaka kitabu kikang'aa. Kwenye mtihani tukaambiwa tuchore mtandao wa neva unaotoka shingoni kupitia kwapani. Nilikuwa naujua kwa sura, lakini kuuchora sikuweza. Sasa wanafunzi wangu huuchora kwenye karatasi tupu, kitabu kimefungwa: mizizi mitano, kuanzia neva ya tano ya shingo hadi ya kwanza ya kifua, vigogo vitatu, migawanyiko sita, kamba tatu, na mwishoni neva tano kubwa za mkono. Wanakwama, wanafungua kitabu, wanakifunga, wanachora tena. Kesho yake tena, kisha baada ya siku tatu, kisha wiki.

Watafiti wa saikolojia Roediger na Karpicke walilipima jambo hili Marekani, 2006. Kundi moja lilisoma habari kwa vipindi vinne. Jingine lilisoma kipindi kimoja, kisha likajipima mara tatu bila kuitazama. Baada ya dakika tano, waliorudia kusoma waliongoza, asilimia 83 kwa 71. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliojipima walikumbuka asilimia 61, wenzao 40. Ile raha ya saa nane usiku, ya kuhisi yote yameingia, ni ya zile dakika tano.

Mwanafunzi wangu mmoja anakaa Likoni na huvuka na feri kila siku. Alikuwa akifungua kitabu kwenye ule msongamano na kuambulia kizunguzungu. Sasa anapanda mikono mitupu na kujitajia neva 12 za kichwani kwa mpangilio na kazi ya kila moja, na akifika ng'ambo anaangalia alizokosa. Kusoma kwenyewe anakuweka baada ya swala ya alfajiri, kabla jua la kaskazi halijafanya chumba kuwa tanuri. Alasiri analala nusu saa, na sijawahi kumlaumu.

Jumatatu binti wa Kibokoni alikwenda kwa mshauri wake wa masomo na kubaki na krediti 15. Nilimwomba kila jioni afunge daftari, aandike anachokumbuka cha siku hiyo na kunitumia picha. Ya kwanza imefika jana: hatua za seli kuvunja sukari, nusu ya juu imejaa, nusu ya chini nyeupe kabisa. Nimemjibu, mwanangu, kesho anzia hapo palipo peupe.