Miili miwili ya mfalme ni nini?

Wanasheria wa Uingereza wa karne ya 16 walishikilia kwamba mfalme ana miili miwili. Wa kwanza ni wa kuzaliwa: unaugua, unazeeka, unakufa. Wa pili ni wa dola: hauonekani, hauna utoto wala uzee, na wa kwanza ukikata roho, huo unahamia kwa mrithi.

Si ushirikina, ni hoja ya mahakamani. Edward wa Sita alirithi kiti mwaka 1547 akiwa na miaka 9, na kabla hajatimiza umri wa utu uzima akapangisha ardhi ya Lancaster. Enzi ya Elizabeth wa Kwanza ikaulizwa kama mkataba wa mtoto una nguvu. Majaji wakasema unayo, maana aliyepangisha ni mfalme, na mfalme hana utoto. Ujanja mtupu, ila ulisaidia.

Kizaazaa ni pale mfalme anapovuliwa ufalme angali hai. Shakespeare aliliingia swali hilo mnamo 1595, katika tamthilia ya Richard wa Pili, aliyepinduliwa mwaka 1399 na binamu yake, Henry Bolingbroke. Bungeni, Richard anashika taji upande mmoja na kumtaka binamu ashike upande wa pili. Akiulizwa kama yu radhi kuliachia, anajibu ndiyo na hapana kwa pumzi moja. Ibada ya kumtawaza mfalme ipo. Ya kumvua haipo, basi anaitunga papo hapo: mafuta aliyopakwa anayafuta kwa machozi yake, taji analitoa kwa mikono yake. Kisha anaagiza kioo. Uso ni uleule, hata makunyanzi hayajaongezeka, ilhali yeye anasema hana tena cheo wala jina. Anakipasua.

Wapo wanaomwona Richard mpenda maigizo tu. Mimi naona ndiye pekee ukumbini aliyeelewa kinachotendeka: Bolingbroke anadhani anapokea kiti, kumbe anawaonyesha watu kwamba kiti kinanyang'anyika.

Matoleo ya kwanza ya tamthilia hiyo, ya 1597 na 1598, hayana tukio hilo la kuvuliwa taji. Lilichapwa 1608, Elizabeth akiwa ameshafariki. Na tarehe 7 Februari 1601, wafuasi wa Essex, mkuu aliyekosana na malkia, waliwaongezea waigizaji wa kundi la Shakespeare shilingi 40 ili waonyeshe mchezo wa kupinduliwa kwa Richard. Kesho yake Essex akaasi, akashindwa. Waigizaji walihojiwa wakaachiwa, na tarehe 24, siku moja kabla Essex hajakatwa kichwa, walikuwa wakiigiza mbele ya malkia mwenyewe.