Uhuishaji wa pwani ya mji: ni nini, na miji inagombea nini?

Ukipita Forodhani, bustani ya Mji Mkongwe wa Unguja, jioni utawakuta vijana juu ya ukuta wa bahari. Mmoja anarudi nyuma hatua kadhaa, anakimbia, anajipindua hewani na kuzama, na waliokaa pembeni wanapiga makofi. Nyuma yao wauza mishkaki na maji ya miwa wanapanga meza. Hakuna aliyelipa kiingilio. Bustani hii ilitengenezwa upya kwa msaada wa Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni, ikafunguliwa mwaka 2009, na kwangu mimi ndiyo mfano mzuri wa kuanzia tukitaka kuelewa nini maana ya uhuishaji wa pwani ya mji.

Maana yake ni kuichukua sehemu ya mji inayopakana na maji, ambayo kazi yake ya zamani imekwisha au imedhoofika, na kuipa kazi nyingine. Mara nyingi palikuwa bandari, maghala au karakana za meli. Panageuzwa bustani, hoteli, nyumba, makumbusho. Jina la Forodhani lenyewe linasimulia habari hiyo, kwani ni la forodha, mahali pa kutozea ushuru wa mizigo.

Duniani, jambo hili lilisukumwa zaidi na kontena. Mwaka 1956 meli iitwayo Ideal X ilitoka Newark kwenda Houston, Marekani, ikiwa na makontena 58. Baada ya hapo meli zikazidi kuwa kubwa, zikataka maji ya kina na uwanja mpana wa kupangia mizigo, na gati za katikati ya miji hazikuwa na nafasi hiyo. Kazi ikahamia nje ya mji. London gati za zamani zilifungwa moja baada ya nyingine hadi mwaka 1981. Ikabaki ardhi tupu, karibu na mji na inayotazama maji, na ardhi ya namna hiyo haikosi wenye kuitamani.

Baltimore, Marekani, ilifungua Harborplace, maduka na mikahawa kando ya bandari yake, mwaka 1980, na viongozi wa miji mingine wakaenda kuangalia. Bilbao, mji wa viwanda Hispania, ukafungua jumba la makumbusho la Guggenheim kando ya mto wake mwaka 1997, na watalii wakamiminika. Tangu hapo kila mji ukataka jengo lake la ajabu. Miji inagombea watalii, mikutano, meli za kitalii na mitaji, vitu ambavyo vyote vinaweza kwenda kwengine wakati wowote. Hofu hiyo ndiyo inayoufanya mji utazame mji jirani kuliko wakaazi wake. Hamburg, Ujerumani, ilianza ukumbi wake wa muziki wa bandarini ikikadiria mchango wa umma wa yuro milioni 77. Ulipofunguliwa Januari 2017, gharama yote ilikuwa imefika yuro milioni 866. Na uchungu mwengine ni kwamba miji ikiigana sana, hufanana: vioo vile vile, mikahawa ile ile, na mgeni hajui yuko wapi.

Mashindano haya yako kwetu pia. Mombasa iliipamba upya bustani ya Mama Ngina mwaka 2019, inayotazama mlango wa bandari ya Kilindini. Unguja ukuta wa Mizingani ulijengwa upya kwa mradi wa Benki ya Dunia, na huo ulikuwa wa lazima khasa: bahari ilikuwa inakula barabara, na wakati wa bamvua kila mtu alikuwa anaona.

Lakini hapa petu pana mambo mawili tofauti. La kwanza, Mji Mkongwe umo katika Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu mwaka 2000. Liverpool nayo ilikuwemo tangu 2004, ikaondolewa Julai 2021 kwa sababu ya majengo mapya kwenye gati zake, ukiwemo uwanja wa mpira. Shangani, mtaa wa Mji Mkongwe, tulishaonja mvutano wa aina hiyo, pale hoteli iliyojengwa kwenye jumba la zamani la Mambo Msiige ilipolalamikiwa na UNESCO. Mji unaojenga ili ushinde unaweza kupoteza kile kile kinachowaleta wageni.

La pili, na kwangu ndilo zito zaidi, ni kwamba Malindi, bandari ya mji wetu wa Unguja, si gati iliyokufa. Boti za Dar es Salaam na Pemba zinafunga hapo, makontena yanashuka hapo, majahazi yanapakua, na soko la samaki liko ubavuni. Serikali imepanga bandari mpya ya mizigo Mangapwani. Mizigo ikiondoka, Malindi itakuwa kipande cha ardhi kinachotamaniwa kuliko vyote mjini, na michoro ya kupendeza haitakosekana.

Wachukuzi, wavuvi na wachuuzi wa samaki hawawezi kuhamishwa kama makontena, kwa sababu riziki yao iko kwenye kukutana kwao pale pale asubuhi, kabla jua halijapanda. Mchoro wowote wa Malindi ukitolewa, nitatafuta kwanza mashua zimewekwa wapi, na ngazi ya kushukia majini kama ipo.