Dau la thamani hupimwa kwa wanaolifuata

Kwenye meza za poka, "dau la thamani" limegeuka jina la kila dau la mtu mwenye jozi. Anadhani yuko mbele, anasukuma chipu, kisha anaeleza kwamba alitafuta thamani. Maana yenyewe ni fupi: ni dau unaloweka ukitaka mikono (karata za wapinzani) dhaifu kuliko wako ilifuate, yaani walipe kiasi hichohicho ili wabaki mchezoni. Mwenye mkono mkubwa hana cha kuhangaika. Mwenye mkono wa kati ndiye anayepoteza fedha kwa kutolielewa.

Kuushinda wingi wa mikono ambayo mpinzani anaweza kuwa nayo hakutoshi. Inayohesabiwa ni ile itakayobaki baada ya dau, basi. Chukua Texas Hold'em, poka ambayo kila mchezaji ana karata mbili zake na tano za mezani ni za wote. Hizo tano zimeshafunguliwa: K-9-7-4-2, na fulashi (karata tano za alama moja) haiwezekani. Una A-9, mpinzani amecheki (amepitisha bila kuweka dau), zamu ni yako na ndiyo ya mwisho. Unawashinda wenye jozi ya 7, wenye jozi ya 4 na waliokosa kabisa, lakini hao wakiona dau watatupa karata. Tuseme atafuata akiwa na K-Q, K-J, K-10, Q-9, J-9, 10-9 au 8-8. K zimebaki 3, nazo Q, J na 10 ziko nne nne, kwa hiyo mikono ile ya K inapatikana kwa njia 36. 9 zimebaki 2 tu, maana moja iko mezani na nyingine unayo wewe. Mikono ya 9 ni njia 24, na 8-8 ni njia 6. Akifuata, utashinda mara 30 kati ya 66. Hiyo haifiki nusu, kwa hiyo dau hilo ni hasara ingawa ulikuwa mbele. Cheki, karata zifunuliwe.

Sasa fanya mpinzani awe mtu ambaye K-Q angeshaibetia mwenyewe mapema. Ondoa njia 12, unashinda 30 kati ya 54, na A-9 ileile inastahili dau. Kwa hiyo kwenye meza ya ana kwa ana, kumtazama mtu anafuata kwa karata gani katika michezo usiyoshiriki kuna faida kuliko kuzikodolea macho karata zako. Dau dogo nalo huwavuta wenye jozi ndogo ambao dau kubwa lingewafukuza. (Kipimo cha nusu ni cha anayecheza mwisho. Anayetangulia ana hesabu nyingine, kwa kuwa akicheki bado anaweza kubetiwa.)

Linaloniudhi zaidi ni kauli ya "nimeweka dau nijue nimesimama wapi," kisha nalo liitwe la thamani. Wanyonge wametupa, wenye nguvu wamebaki, naye amelipa ili apate jibu ambalo mezani lingefunuliwa bure. Kabla ya karata ya tano, kumwondoa mtu anayeweza kukupita ni sababu halali kabisa, ila hiyo ni kulinda mkono. Kwa hiyo rafiki akikwambia A-9 yake ilikuwa dau la thamani kwa sababu "ilikuwa jozi nzuri," muulize kwa upole alitarajia mkono upi dhaifu umfuate. Akiutaja, huenda dau lake lilikuwa sahihi. Asipoutaja, alipaswa kucheki.